Njia Tatu za Clement Ockenden

Alizichora nyuma ya risiti ya chakula cha kondoo
kwa kalamu ya posta, ile ya wino mwekundu:
njia tatu, zote zaanzia mlangoni pake,
zote zarudi mlangoni pake,
kana kwamba dunia nzima ni kitanzi
na fundo lake ni kitasa cha shaba.

Miaka thelathini na minne alipeleka barua Pellingthorpe,
na alipostaafu, miguu haikustaafu.
Sasa nyonga imevunjika. Amekaa dirishani,
saa ya mkononi ameivua, ameilaza mezani,
na mimi, Hester, jirani wa ukuta kwa ukuta,
ndimi miguu yake.

Ya kwanza ni fupi. Zunguka kanisa,
pita walikolala akina Ockenden watano,
shuka hadi kwenye kinu kisichosaga tena,
na ujihadhari na mabata bukini wa Bi Prudence.
Hao hawaulizi jina wala shida yako.
Hunyoosha shingo kama mipira ya kumwagilia bustani,
na hapo ni mguu niponye;
hata kasisi nimemwona akikunja joho.

Ya pili yalikata shamba la Hallam katikati.
Kila vuli trekta huilima ikafutika,
na kila vuli sheria humtaka airudishe,
maana pale ni haki ya wapita njia
tangu enzi asizozihesabu mtu.
Hallam hana haraka. Basi twairudisha sisi:
mimi, na mwalimu wa piano,
na kijana wa baa na mbwa wake kiwete,
kila mmoja na saa yake, kila mmoja na tope lake,
mpaka siku moja ngano imechipua huku na huku
na katikati umebaki mstari mwembamba, mweusi,
kama njia ya kitana kwenye nywele zilizolowa.

Ya tatu ni maili sita. Ameandika pembeni:
*Panda mlima wa chokaa mpaka pumzi ikudai.
Ilipe nusu. Nusu nyingine utaihitaji.
Kwenye mwaloni geuka kushoto.*

Asubuhi za Oktoba natoa umande mimi wa kwanza,
suruali imelowa hadi magotini,
na utando wa buibui wanikatikia kifuani
kama utepe wa mshindi
asiye na wa kumshangilia ila kondoo,
nao wanatafuna.

Nikirudi, anahoji.
"Dakika?"
"Sabini na moja."
"Ulisimama."
"Nilisimama. Kwenye ngazi ya uzio. Palikuwa na sungura."
Anafikiri.
"Sungura nampa mbili," asema,
na kwenye daftari anaandika sitini na tisa.

Kisha Februari, usiku wa Jumanne, upepo.
Vigae vitatu vya paa la baa viliokotwa makaburini.
Alfajiri nilipanda mlima, na juu
palikuwa na anga nyingi kuliko ninavyopajua.
Mwaloni umelala, mizizi hewani,
umekumbatia mawe na udongo
kama mtu aliyehama na vyombo vyake.
Ijumaa wakaja wenye misumeno ya moto.
Kikabaki kisiki kipana kama meza ya watu wanane,
cheupe, kinanuka siki.
Nilisimama hapo. Sikujua nigeukie wapi,
mimi niliyeipita njia ile mara mia.

"Dakika?"
"Themanini."
Hakuuliza kwa nini. Aliuliza,
"Na mwaloni?"
"Upo," nikasema.

Njia ya mwongo ni fupi, husemwa;
yangu ilikuwa na maili sita,
na unga wa mbao ulikuwa kwenye kamba za viatu vyangu.
Aliutazama. Akaichukua saa,
akaijaza funguo, ingawa ilikuwa ikienda.
Upande wa pili wa ukuta
birika langu lilianza kupiga mluzi.

"Kesho," akasema, "ukifika pale"
na mkono wake ukachora kitu hewani, kirefu,
ukashuka,
"ukifika pale, geuka kushoto."